Usaili Usiwe Bahari ya Pili

Neno usaili, ambalo zamani lilikuwa likitajwa maofisini tu, siku hizi limeingia majumbani mwetu. Hutajwa barazani baada ya sala ya alasiri, hutajwa sokoni Darajani na Chake Chake, na hutajwa na kina mama wanapochambua karafuu majamvini. Karibu kila nyumba ina kijana aliyekwisha kumaliza chuo. Na kijana huyo ama anangoja kuitwa kwenye usaili, ama ameitwa na hajui aanzie wapi, ama amerudi na kila simu ikilia hushtuka. Jambo linalogusa nyumba nyingi kiasi hicho haliwezi kuachwa liwe la mtu na bahati yake. Ndiyo maana leo tumeona tulizungumze kwa urefu, na tuzungumze na pande zote mbili za meza: vijana wanaosailiwa, na wakubwa wanaowasaili.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na kati yao 543,441 walikuwa Pemba. Chuo Kikuu cha Taifa kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, pamoja na vyuo vikuu vya Tunguu na Chukwani, hutoa wahitimu kila mwaka; na hapo hatujawataja wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo. Nafasi za Serikali haziongezeki kwa kasi hiyo, wala hakuna nchi ambayo nafasi za aina hiyo huongezeka kwa kasi ya mahafali. Basi tangazo moja la nafasi chache huleta maombi mengi mno, na wanaoajiri hawana njia ila kuchuja. Kuchuja si dhambi. La kuulizwa ni kama chekecheke yenyewe ina matundu yaliyo sawa kwa kila mtu.

Mitaani zimeenea imani mbili, na zote mbili zinatudhuru. Moja ni kwamba kazi hupatikana kwa kujuana, kwa hiyo kujiandaa ni kujichosha bure. Ya pili ni kwamba mwenye shahada nzuri hana haja ya kujiandaa, kwa kuwa cheti kitamsemea. Ile ya kwanza tutaifikia baadaye, kwani inawahusu zaidi wakubwa. Kuhusu hii ya pili twasema kwamba cheti humfikisha mtu mlangoni tu. Akishaingia ndani atasema mwenyewe, na watakaomsikiliza wamekwisha kusikiliza watu ishirini kabla yake, na wengi wa hao wana cheti kama chake.

Maandalizi ya kwanza, hata hivyo, hayahusu ulimi. Yanahusu sanduku. Katika nyumba zetu karatasi za mtoto huwekwa sandukuni pamoja na kanga za mama, na hutolewa siku ya shida. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayoajiri kwa ajili ya taasisi za Muungano, yamekuwa yakisema wazi kwamba msailiwa aje na vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha stashahada au shahada, na kwamba hati za matokeo za muda hazitakubaliwa. Hutakiwa pia kitambulisho. Aliyesoma nje ya nchi hutakiwa aje na uthibitisho wa Tume ya Vyuo Vikuu au wa Baraza la Mitihani kwa kadiri ya kiwango chake, na hilo linawagusa sana watu wa visiwa hivi, kwani vijana wetu wengi wamesoma Sudan, Uturuki, Malaysia na kwengineko. Kijana anayesubiri aitwe ndipo aanze kuvitafuta vyeti hivyo, huwa amekwisha kushindwa kabla ya kuulizwa swali la kwanza.

Na hapa pana tatizo la majina, ambalo sisi wa Visiwani tunalijua kuliko wengine. Mtoto wetu huitwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Wengine huongeza la ukoo, na wengine huliacha. Mzee wake alimwita Fatma, mwalimu wa darasa la kwanza akamwandika Fatuma. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Khamis, kwenye cha kidato cha nne ni Hamisi. Cheti kimoja kinamaliza kwa jina la babu, kingine kwa jina la ukoo, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina yote manne. Nyumbani hakuna mwenye shaka kwamba huyo ni mtu mmoja. Mezani kwa mkaguzi wa vyeti hao ni watu wawili, na mmoja wao hana kazi. Matangazo ya usaili husema kwamba ambaye majina yake yanatofautiana aje na hati ya kisheria ya kuthibitisha mabadiliko hayo. Hati hiyo inataka mwanasheria, inataka kiapo, inataka ada na inataka usajili. Nayo haipatikani katika siku tatu zilizobaki kabla ya usaili, hasa kwa mtu ambaye itambidi kwanza apate barua ya sheha.

Kwa hiyo twawaambia vijana wayafanye hayo leo, kabla hawajaitwa popote. Wavitandaze vyeti vyote juu ya mkeka, wavisome herufi kwa herufi, na penye tofauti warekebishe. Lakini pia twawaambia walimu wakuu wa skuli zetu kwamba kosa hili huzaliwa mikononi mwao. Siku ya kuwaandikisha watahiniwa wa kidato cha nne, orodha ya majina yafaa ilinganishwe na vyeti vya kuzaliwa, na mzazi aitwe aione kabla haijapelekwa Baraza la Mitihani. Kazi ya asubuhi moja skulini ingeokoa miezi ya mahangaiko baada ya miaka kumi. Nao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, wenye ofisi zake wilayani, ungefanya jambo la kheri kama ungepanga siku maalumu za kurekebisha majina ya wanafunzi kabla ya msimu wa mitihani.

Jambo jengine linalofanana na hilo ni la maombi yenyewe. Siku hizi maombi hayapelekwi tena kwa bahasha. Zanzibar ina mfumo wake wa ZanAjira, na Sekretarieti ya Ajira ina wake. Vijana wa mjini wameyazoea mambo hayo, lakini wako wa shamba ambao hujaziwa fomu na mwenye duka la intaneti, kwa anwani ya barua pepe ya duka na kwa neno la siri ambalo hawakuliandika popote. Majina ya walioitwa yakitoka, hawana habari. Wengine husikia usaili ulipokwisha kupita, kisha wakasema wametengwa. Anayeomba kazi hana budi awe na anwani yake mwenyewe, namba ya simu isiyobadilika kila mwezi, na mazoea ya kuangalia matangazo bila ya kungoja kuambiwa. Wala asimlipe mtu yeyote fedha kwa kuahidiwa kuitwa. Usaili wa Serikali hauna kiingilio, na anayedai kiingilio ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Tukiyaacha ya karatasi, tuje kwenye elimu ya kazi yenyewe. Msailiwa wengi hudhani kwamba wataulizwa waliyoyasoma chuoni. Huulizwa hayo, naam, hasa katika mchujo wa kuandika. Lakini katika mahojiano ya ana kwa ana wakubwa hutaka kujua kama mtu huyu anaijua taasisi anayoigongea hodi. Na kuijua taasisi hakuna maana ya kukariri jina la mkurugenzi.

Tuchukue Shirika la Umeme. Anayeomba kazi huko yampasa ajue kwamba Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, kwamba waya wa pili uliongezwa mwaka 2013, na kwamba Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010 baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta. Yampasa ajiulize kwa nini Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, pampu za maji zikasimama na wenye hoteli wakaunguza dizeli usiku na mchana. Kijana aliyekuwa na miaka saba wakati huo aliyaona hayo kwa macho yake. Hiyo ni elimu ambayo hakuna mwombaji wa kutoka mbali atakayemshinda nayo, ila mwenyewe haihesabu kuwa ni elimu.

Kadhalika anayeomba nafasi katika Shirika la Biashara la Taifa, ambalo tangu 1968 ndilo linalosimamia biashara ya karafuu. Aliyezaliwa Pemba amechuma, amechambua, ameanika na ameanua mvua ilipotishia. Anajua kwamba mwaka mmoja mikarafuu huzaa kwa wingi na mwaka mwengine hununa. Anajua kwamba makonyo nayo yana soko, na kwamba kiko kiwanda cha kukamua mafuta yake karibu na Chake Chake. Akiulizwa na wasaili, "Unaijua nini kazi yetu?" asijibu kwa sentensi za kitabuni kuhusu uchumi wa mataifa. Aanze na jamvi la kwao, kisha apande mpaka kwenye takwimu.

Hapo tumegusa jambo ambalo twaona ni zito kuliko yote, nalo ni malezi yetu. Mtoto wa Kizanzibari hulelewa asijisifu. Hufundishwa kwamba mbele ya mkubwa aiteremshe sauti, asimkazie macho, ajibu alichoulizwa na anyamaze. Hayo ni mazuri, na hatutaki yafutwe. Lakini chumba cha usaili kinataka kinyume chake: kinamtaka mtu ajieleze, ataje alichokifanya, aseme kwa nini yeye na si mwengine. Kijana wetu akiambiwa, "Tueleze habari zako," husema jina lake, la baba yake, skuli aliyosoma, kisha hutazama chini. Wasaili wasiotujua huandika kwamba hana ujasiri. Wanaotujua nao wakati mwengine huandika hivyohivyo, kwa kuwa fomu waliyopewa ina kisanduku cha ujasiri na haina kisanduku cha adabu.

Ushauri wetu kwa vijana ni kwamba ipo njia ya kusema bila ya kujisifu. Mtu asijisemee sifa, asimulie kazi. Badala ya kudai kuwa yeye ni hodari wa hesabu na mwaminifu, aseme kwamba kwa miaka minne ndiye aliyekuwa akiandika daftari la ushirika wa mwani wa mama yake, kilo kwa kilo, na kwamba mnunuzi alipokuja na mizani yenye kasoro, daftari hilo ndilo lililoonyesha tofauti. Hapo hajajisifu hata kidogo, na wasaili wamekwisha kuona uhodari na uaminifu. Ukulima wa mwani umeshika pwani zetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wanaoufanya ni kina mama. Watoto wao wamefanya kazi za hesabu, za kupanga watu na za kujadili bei tangu udogoni. Wakija kwenye usaili husema, "Sina uzoefu wowote." Tunasikitika kila tunapolisikia neno hilo. Aliyewahi kusimamia chombo cha uvuvi, aliyefundisha watoto madrasa, aliyemuuguza mzee kwa mwaka mzima huku akienda chuo, ana uzoefu. Lililobaki ni kuupangia maneno.

Na maneno hupangwa kwa mdomo, hayapangwi kwa kichwa peke yake. Jibu linaloonekana zuri moyoni hukatika linapotoka kinywani kwa mara ya kwanza mbele ya watu watano wasiocheka. Kijana atafute wenzake wawili, wakae uani, mmoja awe mwenyekiti wa wasaili na wa pili awe katibu, wamuulize maswali kumi, na wasimwonee haya. Kisha wabadilishane. Mjomba aliyestaafu serikalini aombwe naye asikilize. Wazee hao wamekaa pande zote mbili za meza, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Ajiandae pia kwa swali asilolijua. Jibu lake ni jepesi na wengi huliogopa: "Hilo silijui, ila ningelitafuta mahali fulani." Wasaili wanamtambua mara moja mtu anayezungusha maneno, na humtia alama ndogo kuliko aliyekiri.

Kuhusu mavazi hatuna mengi. Kanzu iliyofuliwa na kofia, au shati na suruali iliyopigwa pasi, vyatosha. Na binti aliyejisitiri kwa mtandio au baibui hana sababu ya kulivua vazi lake kwa ajili ya kazi ya ofisini. Suti ya kuazima inayobana mabega humfanya mtu ayafikirie mabega yake badala ya swali.

Sasa tuwageukie wakubwa, na tuanze na lugha. Iko desturi katika baadhi ya taasisi ya kusaili kwa Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi iwe ni ya namna gani. Hatukatai kwamba mpokea wageni wa hoteli ya Kiwengwa au Nungwi anahitaji Kiingereza, na Kitaliano kikizidi ni heri. Hatukatai kwamba mchumi atakayesoma mikataba ya nje lazima apimwe kwa lugha ya mikataba hiyo. Lakini karani wa masjala wa Micheweni, afisa maendeleo ya jamii wa Makunduchi, mhamasishaji wa afya atakayezunguka Tumbatu nyumba hadi nyumba, hao watafanya kazi zao kwa Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni. Kuwapima kwa lugha ambayo hawataitumia ni kumpima nahodha kwa kumwendesha baiskeli. Nchi iliyojiundia Baraza la Kiswahili kwa sheria yake yenyewe haipaswi kumwona mtu mjinga kwa kuwa amefikiri kwa Kiswahili. Twapendekeza tangazo la kila nafasi liseme usaili utakuwa kwa lugha gani, na lugha hiyo itokane na kazi. Hadi hapo, vijana wajizoeze kujibu kwa lugha zote mbili, maana hawajui watakutana na nani.

Jambo la pili kwa wakubwa ni bahari. Tumtazame kijana wa Kojani aliyeona jina lake Ijumaa kwamba asailiwe Jumatatu mjini Unguja. Atavuka kwa mtumbwi hadi ng'ambo, atapanda gari ya abiria mpaka bandarini, atatafuta nafasi ya boti siku ambayo huenda zimejaa, na akifika mjini atatafuta jamaa wa kumlaza. Kama usaili ni wa Dodoma, ataongeza bahari nyingine na safari ndefu ya nchi kavu. Tangazo limemwambia ajigharamie chakula, usafiri na malazi. Kwa familia ya mvuvi hiyo ni fedha ya msimu, nayo hutolewa kwa ajili ya mchujo wa kuandika wa saa moja, ambao wengi wa wanaoufanya hawatavuka. Mwenzake wa mjini hupanda daladala na hurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Na bahari ina amri zake. Watu wa visiwa hivi hawajasahau Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wala Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama ikitoka Dar es Salaam. Upepo unapochafuka boti huzuiwa zisitoke, na huzuiwa kwa haki. Sisi ni wa kwanza kuunga mkono. Lakini msailiwa aliyekwama gatini Mkoani kwa amri hiyo, asubuhi yake huitwa jina lake mara tatu huko mjini na huandikwa hakuhudhuria. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Maneno hayo yanamfaa mzembe. Hayamfai mtu aliyezuiwa na Serikali asifike mbele ya Serikali.

Dawa zake si ngumu wala si za gharama kubwa. Taasisi nyingi za Serikali ya Mapinduzi zina ofisi Pemba, na baadhi yao zimekuwa zikiwasaili watu wa Pemba hukohuko. Twazipongeza, na twaziomba ambazo hazijafanya hivyo zifuate. Mchujo wa kuandika unaweza kufanyika siku moja na saa moja Chake Chake na mjini Unguja, kwa karatasi ileile, na wenye kufuzu tu ndio wavuke kwa mahojiano. Kwa upande wa Muungano, miaka ya karibuni imekwisha kuonyesha kwamba usaili unaweza kufanyika mikoani bila ya kuwaita wote Dodoma. Tungependa kuona mikoa mitano ya Zanzibar inahesabiwa katika mpango huo kila mara, wala si pale inapokumbukwa. Mgao wa asilimia 21 uliokubaliwa kwa Zanzibar katika ajira za taasisi za Muungano hauwezi kujazwa na watu walioshindwa kufika.

Tumefika kwenye lile tuliloliahirisha. Wananchi wanaamini kwamba baadhi ya nafasi hupewa wenyewe kabla ya kutangazwa, na kwamba usaili huitishwa ili jalada litimie. Hatuwezi kusema ni nafasi ngapi. Lakini twajua kwamba imani hiyo ikishakaa moyoni mwa kijana, ushauri wote tuliouandika hapo juu humwingia sikio hili na kutokea lile. Nani atakaa uani na wenzake kujizoeza maswali kumi, ikiwa anaamini jibu liko mfukoni mwa mtu? Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2011, haikutungwa ili ipambe rafu za maofisi, na tangu mwaka 2012 tunayo sheria iliyounda mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni wakubwa kuyafanya mambo madogo yanayoonekana na kila mtu.

Kila msaili aandike alama zake peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake. Msaili aliye jamaa wa msailiwa, na katika visiwa vidogo kama hivi jamaa hawakosekani, aseme hivyo na atoke nje mpaka jamaa yake amalize. Hilo si aibu. Aibu ni kukaa. Maswali yawe yaleyale kwa kila anayeomba nafasi ileile, maana tumesikia malalamiko ya mmoja kuulizwa habari za sheria ya fedha na mwenzake kuulizwa anatoka kijiji gani. Na karatasi za alama zihifadhiwe, ili anayekata rufaa aonyeshwe kitu badala ya kuambiwa maneno.

Tena wako wale waliokosa. Hao ndio wengi, na hao ndio wasiopewa chochote. Aliyepata huitwa, aliyekosa hujua kwa ukimya, baada ya wiki sita au miezi sita, kwamba amekosa. Hajui kama alishindwa katika kuandika au katika kusema, kama cheti chake kilikuwa na kasoro au alizidiwa kwa alama moja. Anarudi kwenye usaili wa pili na makosa yaleyale, akiwa na moyo uliopungua. Ujumbe mfupi wa simu wenye alama zake na sehemu aliyopungukiwa ungegharimu shilingi chache, na mfumo unaopokea maombi kwa kompyuta hauwezi kushindwa kupeleka majibu kwa njia hiyohiyo.

Twaiomba Tume ya Utumishi Serikalini, na wakuu wa utumishi katika mashirika, waanze na tangazo litakalotoka mara baada ya makala haya. Litaje lugha ya usaili. Litoe muda usiopungua wiki mbili baina ya majina kutoka na siku ya kusailiwa. Litaje kituo cha Pemba. Liseme msailiwa aliyezuiwa na hali ya bahari atapangiwa siku gani nyingine, na litaje tarehe ambayo waliokosa watajulishwa alama zao. Hayo yote yanaenea katika ukurasa mmoja.